Besi mpya ya mtindo wa zamani: naipenda, ila yule wa "tundu lipo" sijamsamehe

Tundu halipo. Naanza na hilo kwa faida ya yeyote atakayenunua gitaa la besi lililotengenezwa leo kwa mtindo wa zamani, kisha akaambiwa na muuzaji kwenye simu aangalie vizuri kichwani mwa gitaa, pale nyuzi zinapoanzia, kuna tundu la kuingizia spana ya kurekebishia shingo. Halipo, halikuwekwa, na kwa gitaa la namna hii halikutakiwa kuwekwa. Nitafika huko. Bado linaniwasha.

Tuwe waungwana lakini, gitaa kwanza. Nimepiga besi miaka mingi kwa magitaa ya kuazima na ya bendi, yale ya kisasa yenye betri mgongoni na nobu tano ambazo hata mwenyewe hajui ipi inafanya nini. Hili lina nobu mbili, ya sauti na ya toni, basi. Rangi yake ni ya maziwa iliyoelemea njano, na lile bamba la mbele limeigiza gamba la kasa. Vikazio vya nyuzi ni vikubwa, meno yako nje unayaona, na vinazunguka kinyume na vya magitaa mengi ya siku hizi kwa sababu ndivyo vilivyokuwa enzi hizo. Nilikaa nalo mapajani usiku ule wa kwanza kabla hata sijalichomeka, nalizungusha tu, nanusa vanishi. Mtu mzima na akili zangu.

Nilipochomeka waya na kugonga uzi mnene ukiwa wazi, sakafu ikajibu. Ni sauti nene isiyo na makeke, inakaa chini ya ngoma na haigombani na gitaa la solo. Wapenda kung'aa hawataipenda. Mimi nilicheka peke yangu.

Siri iko kwenye pikapu, kile kifaa cha sumaku na koili za waya kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo wake. Precision, gitaa la besi la Mmarekani Leo Fender ambalo langu limeliiga, ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na pikapu moja iliyonyooka, yenye koili moja, na koili moja hunguruma ukiikaribisha kwenye transfoma au taa za mirija. Mwaka 1957 wakaikata vipande viwili, kimoja cha nyuzi mbili nene na kingine cha nyuzi mbili nyembamba, sumaku zimegeuziana na koili zimesukwa kinyume. Mngurumo ukiingia unaingia pande zote mbili, unakutana na kinyume chake, unajifuta, na sauti ya uzi inabaki. Hakuna betri wala saketi ya ujanja. Langu limefuata mpango huo wa 1957 na kweli nikinyamazisha nyuzi, spika inanyamaza. Yale ya nobu tano yalikuwa yananipigia kelele ya nyuki mpaka nizime taa!

Halafu kuna kile kifuniko cha chuma kinachong'aa juu ya daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini. Watu wengi hukifungua wakakitupia kwenye droo. Mimi nimekiacha, na chini yake nimebana kipande cha sifongo, kama ilivyokuwa kwenye Precision ya 1962 ya James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit aliyekuwa akicharaza kwa kidole kimoja tu cha shahada, tena kwa nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini wa chuma, ambazo alikuwa habadilishi mpaka zikatike. Sifongo kinameza mkia wa noti. Inatoka, tuh, inafia palepale, na ule ukimya mfupi kabla ya noti inayofuata ndio unaowatoa watu kwenye viti. Kwa hili peke yake ningelipia mara mbili. Sawa, si mara mbili, ila ningelipia.

Kasoro? Iko moja ambayo nimeisamehe bila hata kuombwa. Kwenye uzi mwembamba, karibu na freti ya sita (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni), noti haidumu. Ukiigonga inaanza vizuri halafu inazimika mapema kuliko jirani zake. Magitaa mengi ya shingo ndefu ya mbao yanayo hiyo: shingo nayo hutetemeka kwa kasi yake, na noti ikigongana na kasi hiyo, shingo inanyonya nguvu ya uzi. Yenye thamani kubwa yanayo, ya bei rahisi yanayo. Nikifika pale napiga noti hiyohiyo kwenye uzi wa pili na maisha yanaendelea.

Sasa shingo.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na nyuzi nne za besi zinaivuta shingo mbele mchana na usiku, ndiyo maana ndani yake kuna chuma kirefu cha kuzuia isipinde kupita kiasi. Gitaa likisafiri kutoka hewa moja kwenda nyingine, kuirekebisha kidogo ni jambo la kawaida kabisa, sikulalamika. Langu lilifika limejipinda mbele. Nilibana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, nikatazama katikati: ungepitisha kadi ya benki na ikacheza. Inatakiwa nafasi nyembamba kama karatasi ngumu, basi. Kubonyeza noti za katikati ilikuwa mieleka. Dawa yake ni kuzungusha skrubu ya kile chuma robo mzunguko. Swali lilikuwa skrubu iko wapi, maana kwenye kasha kulikuwa na kitambaa cha kufutia na kikaratasi cha kunishukuru kwa kununua. Mchoro wa shingo hakuna.

Nikawapigia walioniuzia. Akapokea kaka mmoja mwenye sauti ya kuchoka.

"Dada, hilo dogo. Angalia kichwani kuna tundu, ingiza ile spana ya L, zungusha."

"Kaka, kichwani hakuna tundu."

"Lipo."

"Nimelishika hapa, nalitazama. Halipo."

"Lipo dada, angalia vizuri. Labda limefunikwa. Au mtafute mtu anayejua magitaa akuangalizie."

Mtu anayejua magitaa! Jamani. Hajaniuliza ni gitaa gani, hajaniuliza napiga tangu lini, amesikia sauti ya kike kwenye simu akaamua kwamba macho yangu hayaoni tundu. Na alivyolivuta lile "dada", wenye kulijua wanalijua, si lile la heshima. Nilimuuliza kwa upole, na upole wangu siku hiyo ulikuwa na makali, kama yeye ameshawahi kulishika hili analoliuza. Akasema ngoja. Nikangoja. Muziki wa kungojea, tena umepigwa kinanda, besi hamna.

Nikakata, nikawatumia picha ya kichwa cha gitaa, mbele na nyuma. Jibu halikuja siku hiyo. Lilipokuja lilikuwa fupi: "Ooh kumbe hiyo ni ya kizamani. Hizo asili yake ndivyo zilivyo dada, ungetaka urahisi ungechukua ya kisasa."

Kumbe! Wao ndio walioitangaza kwa neno hilo. Liko kwenye kasha, liko kwenye risiti. Wameuza uzamani kwa maneno matamu, na siku uzamani ulipouliza swali moja hawakuujua.

Basi kwa wenzangu, ukweli ni huu. Kwenye magitaa ya mpango huu skrubu ya chuma iko upande wa pili, kwenye kisigino cha shingo, imezikwa pale shingo inapoingia kwenye mwili. Unalegeza nyuzi, unaligeuza gitaa kifudifudi juu ya taulo, unafungua skrubu nne za nyuma, unainua shingo, unazungusha robo kwa bisibisi pana, unarudisha kila kitu, unatyuni, unatazama. Haijakaa sawa? Anza upya. Hapo ndipo sijui nimlaumu nani. Ndivyo yalivyotengenezwa tangu miaka ya hamsini, na aliyetaka kuiga kwa uaminifu ameiga mpaka usumbufu. Lakini wapo watengenezaji wanaochonga kijishimo kidogo mwilini, mbele ya kisigino, ili bisibisi ifike bila kung'oa shingo, na sauti haipungui chochote. Hawa hawakuchonga. Uaminifu gani huu wa kunitoa jasho?

Nilifanya mwenyewe, mezani, mlango nimefunga ili mtu asije akaniongelesha. Shingo ilipotoka niliona ile mbao mbichi ya kisigino, isiyopakwa rangi, na alama ya penseli ya mtu wa kiwandani, tarakimu mbili na mstari. Hasira zikapungua kidogo. Kuna mtu alilishika hili kwa mikono na akajua anachofanya. Robo ya kwanza haikutosha, nyingine ikatosha. Nyuzi zikashuka, vidole vikaanza kutembea.

Mazoezini mpiga ngoma wetu, ambaye kwa kawaida hamsifu mtu ila aliyelala, alisimamisha wimbo katikati akauliza nimebadilisha nini. Sikumjibu, nikaendelea kupiga. Siku hiyo ningeandika nyota tano kwa wino mwekundu na kumsamehe hata yule kaka.

Sikuandika siku hiyo, na nimefanya vizuri. Juzijuzi hewa imebadilika, shingo ikaomba tena robo yake, nikafungua. Skrubu moja kati ya zile nne za nyuma imeanza kulika kichwa, bisibisi inateleza ndani yake. Bisibisi ni ya saizi yake, niliijaribu kabla ya kukaza mkono. Ni chuma laini! Wameweka skrubu za chuma laini kwenye gitaa ambalo ukitaka kulirekebisha ni lazima uzifungue kila mara. Aliyechora ile penseli asingekubali, huyu ni mtu wa manunuzi aliyebana senti.

Kuwapigia tena sipigi. Nimeagiza skrubu nne ngumu kwa mtu mwingine, aliyeniuliza kwanza urefu na unene kabla ya kuniuzia, bila kunivutia "dada". Kwa hiyo huduma haina nyota, na gitaa nalipa nne. Zile mpya zikichelewa mpaka onyesho letu lijalo, tatu na nusu.