Vileja vya sikukuu kutoka Kikwajuni

Mikono ya mama haiwezi tena kukanda, kwa hiyo vileja vya Idi mwaka huu niliagiza kwa bibi mmoja anayeoka nyumbani kwake Kikwajuni, mjini Unguja. Kilo tatu. Unga wa mchele, samli, sukari, mayai, hiliki: ukikitia mdomoni kinayeyuka kabla hujatafuna. Hiliki anaitwanga mwenyewe, na harufu ilijaa daladala nzima nikirudi. Visheti vyake sivisifu. Vilikuwa vigumu, mama hakuviweza.

Baada ya sala nilipanga sahani saba, nikazifunika kwa kawa, watoto wakazipeleka kwa majirani. Zote zilirudi na kitu: kaimati, tambi, halua ya Wete. Jirani wa chini, ambaye hatukuwa tukisemezana tangu Shaabani, alipanda ngazi mwenyewe kurudisha sahani yetu, akakaa na mama hadi adhuhuri. Nilifurahi mno.

Sikukuu kwetu ni siku nne, vileja viliisha ya pili, kabla watoto hawajatoka kwenda viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja. Mfunguo tatu, kwa Idi ya kuchinja, nitaagiza kilo tano. Nanyi wahini, maana kumi la mwisho la Ramadhani hapokei tena oda.