Tahadhari: Wanaouza "Kipimo cha Jeni za Pumu" Mitaani Nairobi

Wakazi wa Eastlands, hasa Umoja, Donholm na Kayole, jihadharini na watu wanaopita nyumba kwa nyumba na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi wakinadi "kipimo cha jeni na kinga" kwa watoto wenye pumu. Huja wamevaa makoti meupe, humpangusa mtoto ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, hupokea shilingi 4,500 kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi, na jioni iyo hiyo hutuma majibu.

Nimeyasoma majibu ya mtoto wa jirani yangu. Karatasi imejaa mistari myekundu na ya kijani, imeandikwa "JENI YA PUMU: IPO", IgE (kingamwili inayohusika na mzio) "480" bila kizio chochote, na eosinofili za damu "juu sana". Haina jina la maabara wala sahihi ya mtaalamu. Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe, na idadi yake katika damu haijulikani pasipo kutoa damu. Mtoto huyu hakuchomwa hata kidole.

Suala la jeni ndilo linalowanasa wengi, kwa kuwa lina chembe ya ukweli. Pumu hurithiwa kwa kiasi fulani, na mwaka 2007 watafiti walitambua eneo katika kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 17, karibu na jeni iitwayo ORMDL3, ambalo tofauti zake zinahusiana na pumu inayoanza utotoni. Hata hivyo, tofauti hizo ni za kawaida mno: wengi wanazo na hawaugui, na wapo wanaougua bila kuwa nazo. Maeneo mengine mengi yamegunduliwa tangu hapo, kila moja likichangia kidogo, tena sehemu kubwa ya tafiti imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hakuna jeni moja ya kuandikiwa "ipo".

IgE nayo hupanda kwa mzio, lakini hupanda pia kwa minyoo, sawa na eosinofili. Madaktari huvitazama vipimo hivi zaidi wanapochagua sindano za pumu kali. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa historia ya mgonjwa na, kwa mtoto anayeweza, kwa kupuliza kwenye mashine ya kupima pumzi.

Hatari kubwa ni unga wanaouza baada ya majibu, shilingi 6,000 kwa kopo lisilo na nambari ya usajili. Jirani yangu aliambiwa, "Mama, jeni haidanganyi," kisha akaagizwa aweke kando inhela ya kuzuia ili unga "utulize jeni". Inhela hiyo yenye steroidi hupunguza uvimbe katika njia za hewa kwa kutumiwa kila siku. Ikiachwa, uvimbe hurudi polepole, na mtoto anaweza kubanwa ghafla usiku, hasa katika baridi ya Julai.

Aliyekwisha kununua asiyasitishe matibabu ya hospitali, na alipeleke kopo kwa daktari, kwani unga wa namna hii unaweza kuwa umechanganywa na steroidi za vidonge. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, kisha mtoe taarifa polisi na kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kumaliza sentensi, akimbizwe hospitali mara moja.