Talini na kindlini: nani hasa anaiwasha integrini?

Jana tuko Likoni twangoja feri, mdogo wangu anayesoma bayolojia akaniuliza, ati hizi protini mbili, talini na kindlini, si kitu kimoja tu? Wapi! Sawa, zote, ndani ya seli, zashika mkia wa integrini (protini ya kwenye utando inayoishikiza seli na vilivyo nje) na kuiwasha ishike vizuri, na vichwa vyao vyafanana, vina sehemu ziitwazo F0 mpaka F3, lakini talini ni jitu bwana, amino asidi 2541, nyuma ya kichwa ina fimbo ya vifurushi 13 vya heliksi (minyororo ya protini iliyojisokota), na hapo ndo utamu wenyewe: aktini, zile nyuzi za ndani ya seli, ikivuta, vifurushi vyafunguka, vinkulini, protini nyingine, yaja kujishikiza pale palipofunguka, kama baharia anavyoongeza kamba jahazi likivutwa na maji. Kindlini haina fimbo, amino asidi kama 680 hivi, ila ina domeni (kipande cha protini) iitwayo PH imepachikwa katikati ya F2, ya kushika utando.

Kwenye mkia wa integrini hazigombani, pana sehemu mbili fupi za kushikia, talini yashika ile iitwayo NPxY ya karibu na utando, mwenzake ile ya mbali.

Mimi kura nampa talini, lakini usimdharau kindlini kwa udogo wake, kindlini-3, aina yake mojawapo, ikikosekana chembe sahani (zile za kugandisha damu) hazishikani vizuri, mtu atokwa damu ovyo, hata kama talini ipo.