Akili and Me: miezi minane na watoto kumi na mmoja, Kariobangi South

Ninalea watoto wa mchana hapa Kariobangi South, Nairobi, kwenye chumba cha chini cha ploti ya orofa nne. Ni kumi na mmoja. Mdogo kabisa ana mwaka na nusu, mkubwa anakaribia sita. Mama zao huwaacha saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakiwahi soko la Gikomba au kazi za nyumba mitaa ya mbali, na huwachukua giza likiingia. Televisheni ninayo, na kwa muda mrefu niliiwasha tu ili nipate nafasi ya kukoroga uji. Walitazama katuni yoyote iliyotokea: theluji, nyumba zenye bustani, watoto wa nywele za singa. Walikuwa wanatulia tuli, nami nikadhani wanafurahi.

Mzazi mmoja ndiye aliyenionyesha Akili and Me, katuni ya msichana mdogo aitwaye Akili, kwenye YouTube. Siku ya kwanza, kabla wimbo haujaisha, msichana wa miaka minne aliinuka kwenye mkeka, akaweka kidole juu ya uso wa Akili pale kwenye kioo, kisha akakiweka kwenye shavu lake mwenyewe. Akarudia mara mbili. Hakusema neno, akaketi.

Akili naye ana miaka minne. Anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala huingia Lala Land, waliko marafiki zake wanyama. Kipindi kinatengenezwa Tanzania na shirika la Ubongo, wale wale walioanza na Ubongo Kids mwaka 2014. Kinanivutia kwa sababu Akili anaachwa awe wa miaka minne kweli. Katuni nyingi humchora mtoto kama mtu mzima aliyefupishwa: anawajibu wazazi kwa ujeuri, anajua kila kitu, anapiga watu. Huyu anajifunza kuhesabu, anajifunza herufi, anaeleza anavyojisikia. Watoto wangu huhesabu naye kwa sauti hadi jirani wa orofa ya kwanza anajua tumefika ngapi. Na Kiswahili kile cha Tanzania kimewaingia. Juzi mwenye ploti alikuja kudai kodi, mtoto wa miaka mitano akamwamkia, "Shikamoo babu." Mzee alisimama pale mlangoni kwanza, ndipo akaitikia marahaba.

Mimi nililelewa na KBC, televisheni ya taifa. Tulicheka Vitimbi na Vioja Mahakamani pamoja na wakubwa, lakini hadithi zilikuwa za wakubwa. Mwaka 2010 ikaja Tinga Tinga Tales, iliyochorwa hapa hapa Nairobi, kazi nzuri ya kujivunia, ila wahusika wake ni wanyama watupu. Mtoto wangu wa kwanza alipata bahati ya Machachari, kipindi cha watoto cha televisheni ya Citizen. Alipomwona Baha na Govi aliacha chakula kikapoa, kwa sababu mwenye shida alikuwa mtoto na mwenye kuitatua alikuwa mtoto. Nilikuwa sijaona hayo kwenye televisheni ya nyumbani, na nilikuwa tayari mtu mzima.

Kwa hiyo Akili and Me naipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote mwenye mtoto wa miaka mitatu hadi sita. Ukiwa na king'amuzi na huna bando, jaribu pia Akili Kids!, stesheni ya watoto isiyolipiwa iliyoanza Machi 31, 2020, wiki mbili tu baada ya shule kutangazwa kufungwa kwa sababu ya korona. Jina linafanana ila ni ya watu wengine, hapa Kenya.

Kuna jambo moja linaniuma, na ni la katuni zote zinazopita kwenye skrini yangu. Nina mvulana wa miaka mitano anayevaa chuma mguuni. Kipindi kikiisha, watoto hucheza walichokiona, na kila mmoja hugawiwa mtu wake. Wasichana wanagombea kuwa Akili. Yeye, kwa kuwa anatembea polepole, kila siku wenzake walimpa awe kiboko, yule mnyama rafiki wa Akili. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Jumatatu moja alikataa. Akaketi kwenye kindoo cha maji, akaniambia, "Anti, mimi si kiboko. Mimi ni mtoto." Nilitafuta kwenye simu jioni nzima, katuni baada ya katuni, nimtafutie mtoto wa kuchorwa mwenye mguu kama wake, anayeongea Kiswahili, nisimpate. Kwa sasa yeye ndiye baba yake Akili. Anaketi kwenye stuli, wenzake wanamletea chai.

Ningependa pia kuona ngazi zetu. Mlima ni mzuri, kijiji ni kizuri, lakini watoto hawa wanaishi kwenye kamba za nguo, mitungi ya manjano ya maji na stima inayopotea. Nao wana ndoto wakilala.

Na wakubwa kidogo je? Wa miaka minane na tisa wana Ubongo Kids na kijiji chake cha Kokotoa, ambako watoto hutumia hesabu kujinasua, na hata mimi hujifunza. Wakishavuka hapo, wanaangukia vipindi vya wakubwa, ambako kijana akionekana ni mwizi au ana mimba. Dada ya mmoja wa watoto wangu yuko gredi ya saba. Huja kumchukua mdogo wake saa kumi na nusu, anasimama mlangoni na begi mgongoni. Nikimkaribisha ndani anasema, "Hapana, Anti, hicho ni cha watoto." Lakini hamwiti mdogo wake hadi wimbo wa mwisho uishe, na midomo yake inafuata maneno.