Datsun 240Z yangu na mafundi walionitangulia

Na Datsun 240Z yenyewe sina ugomvi. Gari iliyochukua Safari Rally mwaka 1971 ikarudia tena 1973, kwa barabara za enzi zile, mimi ni nani niisimange? Ugomvi wangu ni na waliokuwa nayo kabla yangu. Ninaowajua ni wanne, na kila mmoja kaniachia urithi.

Juzi kati natoka Moshi, giza limeshaingia, nimekaribia Kikatiti. Nikasikia harufu ya plastiki inaungua, nikadhani watu wanachoma takataka. Mara taa kubwa zote mbili, pu! Lori nyuma yangu linapiga honi utadhani harusi. Kijana wa bodaboda akanihurumia, akatangulia na taa yake hadi nikapata pa kuegesha.

Nafungua boksi la fyuzi, nakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Imeviringishwa kwenye fyuzi, tena vizuri, kwa upendo kabisa. Plastiki imeyeyuka na kuchuruzika kama mshumaa. Kwenye gari hizi umeme wa taa kubwa unapita wote kwenye swichi ya usukani na boksi hilo, rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa) hakuna. Vishikio vikishashika kutu, panachemka. Dawa yake inajulikana: rilei mbili na waya nene kutoka betri, basi. Fyuzi kazi yake ni kufa ili waya zipone. Bwana huyu akaona heri zife waya!

Nikampigia aliyeniuzia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nikaeleza kwa adabu zote. Akacheka. "Kijana, gari imetembea hivyo miaka na miaka, wewe umeigusa tu imeharibika." Akakata simu.

Nyie! Kesho yake nikaingia chini ya gari kwa hasira. Bushi za mbele, ile mipira ya kupunguza mtikisiko, ni vipande vya kandambili, za bluu, kimoja bado kina namba ya saizi. Sakafu ya dereva ni bati la kuezekea, migongo imepondwa nyundo halafu ikapakwa lami. Tangi limezibwa kwa sabuni ya mche. Nilikuwa tayari kuiuza kwa kilo.

Ila sabuni ile, haki ya Mungu, haivujishi hata tone. Petroli haiiyeyushi. Fundi wangu kaniambia niiache mpaka siku ya kushusha tangi.

Halafu kuna spoku ya baiskeli. Kabureta za gari hii, zinazochanganya petroli na hewa, ni mbili na zinatakiwa kufunguka pamoja, la sivyo injini inakohoa. Kuna mtu alipoteza fimbo ya kuziunganisha, akakunja spoku, akaipimapima mpaka ikakaa. Zinafunguka sawasawa. Fundi kaitazama, kanyamaza, kairudisha. Huyo aliyeikunja natamani nimnunulie soda.

Mkiniuliza kama mnunue, nawaambia msinunue. Mtakufa maskini. Lakini Jumapili asubuhi, barabara nyeupe, silinda sita zikishaanza kuimba baada ya Tengeru... haya, nunueni, ila boksi la fyuzi mlifungue kabla hela haijatoka mfukoni.

Karatasi ya sigara nimeiweka kwenye deshibodi. Nikikutana na mzee namrudishia mkononi, na shikamoo yake juu.