Richards Bay kwa matengenezo ya yoti: mimi nimeridhika, ila ujipange

Hii ni ya mabaharia wenzangu mnaofanya kazi kwenye mayoti, na wale wachache wenye vyombo vyenu wenyewe. Richards Bay iko Afrika Kusini, ndo bandari kubwa ya kwanza unayoingia ukishuka kutoka Msumbiji ama Madagaska kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Kama chombo chako kina shida ya mlingoti, shafti (ile fimbo ya chuma inayozungusha propela) ama injini, simama hapa umalize. Nahodha akikwambia "tutatengeneza Cape Town" mbishie kwa adabu, lakini mbishie.

Sababu ni mkondo wa Agulhas. Unashuka na pwani kwenda kusini-magharibi, kuna mahali unafika noti 4 hadi 5, yaani maili za bahari kwa saa, na ukiwa nyuma yako ni raha tupu manake maili zinakwisha bila jasho, lakini upepo wa kusini-magharibi ukishuka ghafla ukakutana na mkondo uso kwa uso bahari inasimama wima, yaani meli kubwa za chuma zimewahi kupasuliwa omo pande zile sembuse yoti ya fibaglasi. Watu wa kule wanakufunza kusoma barometa. Inashuka, upepo wa kaskazini-mashariki unavuma, basi jua ule wa kusini-magharibi uko njiani. Ikigota chini ikaanza kupanda kusini-magharibi inaingia, unaiacha ivume mpaka ichoke ndo unatoka. Ukikamatwa katikati unasogea upande wa nchi, ndani ya mstari wa kina cha mita 200, manake nguvu ya mkondo iko nje ya hapo. Kutoka Richards Bay hadi Durban ni maili za bahari kama 90, hiyo unaipiga usiku na mchana. Shida ni Durban hadi East London, zaidi ya 250, na katikati hapo huna pa kujificha. Sasa wewe fikiria uko na waya ya mlingoti iliyochoka.

Sisi tulikuwa na yoti ya futi 43, tumeshuka kwa visiwa vya Mayotte na Nosy Be, malalamiko mawili: shafti inatetemeka injini ikipanda, na waya za mlingoti zimekula miaka. Nianze na shafti manake hii iliniuma. Marina moja tuliyopita kabla, na jina silitaji, walitupandisha nchi kavu, wakabadilisha ile raba inayoshika shafti, wakalipwa pesa nzuri tu, na tulivyorudi majini mtetemo ni uleule. Fundi wa Richards Bay, mzee mmoja wa Kizulu tuliyekuwa tunamwita baba kama wanavyomwita wenzake, aliuliza swali moja tu: walilinganisha injini na shafti chombo kikiwa wapi? Tukasema yadini, juu ya miti. Akatikisa kichwa.

Sikilizeni hii vizuri. Chombo kikiwa juu ya miti umbo lake si lile lile la majini. Uzito unakaa kwenye mkuku na nguzo, mbavu zinavutika kidogo, kwa hivyo ukilinganisha huko juu ukishuka majini kazi yote imeharibika. Baba alingoja tushuke, akaacha chombo kikae majini kwanza, halafu akafungua flenji ya shafti na ya giaboksi, zile sahani mbili za chuma zinazowaunganisha, akaingiza vile vibati vyembamba vya kupimia juu, chini, kushoto, kulia, akawa anazungusha nati za miguu ya injini kidogo kidogo. Kwa flenji ya upana wa milimita 100 tofauti ya nafasi isizidi kama milimita 0.1. Alirudia hadi mwenye yoti akachoka kuangalia, yeye hakuchoka. Tukawasha, tukapandisha, kimya. Nimefanya kazi na mafundi wengi kuanzia Lamu hadi Dar na huyu nampa heshima yake yote.

Waya za mlingoti zilikuja za pili. Kampuni nyingi za bima waya zikifika miaka 10 hivi zinaanza kuuliza maswali, na haki yao, manake chuma cha pua hakikuonyeshi ugonjwa. Kinang'aa tu hadi siku kinapokatika. Pa kuangalia ni chini, kwenye zile shingo zilizobanwa na mashine ambapo waya inaingia, kwa sababu maji ya chumvi yanateremka na waya yanatuama hapo. Jamaa wa mlingoti alisafisha shingo zote, akapaka dawa nyekundu, akangoja, akafuta, akapuliza unga mweupe. Mbili zikatoa mstari mwembamba mwekundu. Ufa. Kwa macho huoni kitu kabisa, mimi nilizipapasa kwa kucha sikuhisi chochote. Na hizo ndo zilikuwa zinashika mlingoti upande wa kushoto! Mzee mwenye chombo akabadilisha waya zote bila kubishana, nikashukuru Mungu.

Sasa mahali penyewe. Yoti nyingi ngeni zinakaa ama marina ya Tuzi Gazi, ambako kuna mikahawa karibu, ama Zululand Yacht Club. Mimi nimependa klabu. Kuna mti na kivuli, jioni watu wanachoma nyama pamoja, na hapo kwenye moto ndo unapata habari za kweli: fundi yupi yuko huru, nani ana gari la kukupeleka mjini, nani anauza nanga ya akiba. Ukitaka nafasi uulize mapema, kuanzia Oktoba hadi Desemba vyombo vinaingia kwa wingi kukimbia msimu wa vimbunga. Tumbili wapo na ni wezi, funga madirisha hata ukienda kuoga tu. Na vumbi jeusi lipo, hii ni moja ya bandari kubwa za kusafirisha makaa ya mawe duniani, kwa hivyo deki utaosha sana na usipake vanishi siku ya upepo.

Kilichonikera ni mambo ya muda. Spea nyingi hazikai hapo, zinaletwa kutoka Durban ama Cape Town, na ikiwa ni ya kuagiza ng'ambo ongea na wakala wa forodha kabla haijapakiwa, aeleze kwenye karatasi kwamba ni ya chombo kigeni kinachopita, la sivyo utalipishwa kama mwenyeji anayeingiza mali. Bei za dukani zina VAT ya 15%. Halafu kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari viwanda na karakana nyingi za Afrika Kusini zinafunga likizo, yaani unapofika na shida zako ndo fundi anafunga mlango anaenda kijijini. Kuna karakana moja ilituahidi "wiki hii" hadi ikafunga, na tanga letu likiwa ndani. Kazi ikishaanza dai tarehe kwa maandishi.

Mvua pia. Kwao mvua ni ya kiangazi, na kiangazi ndo tuko hapo. Rangi ya chini ya maji tulipaka wenyewe kuokoa pesa, tukawa tunakimbizana na mawingu, na epoksi kwa ule unyevu inakataa kukauka vizuri. Hapa nitatetea kwetu: Kilifi na Mtwapa unangoja bamvua, maji yanapanda karibu mita 4, unalaza chombo mchangani na unapiga rangi maji yakiwa yamekupwa, mafundi wa mbao na fibaglasi wapo na wanaijua kazi, wale waliorithi kukalafati na kupaka shahamu na chokaa kutoka kwa baba zao. Kazi ya nje ya chombo mimi ningeimaliza nyumbani kabla ya kuondoka. Mlingoti na injini ndo ungoje Richards Bay.

Kwa rand zao, ukilinganisha na euro unazotoa Mayotte ama La Réunion, mfuko unapumua. Na kwa sisi wa pasi za Afrika Mashariki kuna nafuu nyingine, Wakenya tangu Januari 2023 tunaingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na Watanzania wana siku 90 vilevile. Lakini siku hizo zinahesabika spea ikiwa imekwama au haikukwama, kwa hivyo baharia aweke pasi yake mkononi, asimwachie nahodha peke yake kazi ya kuhesabu.

Usiku usitembee kwa miguu nje ya klabu, mji uko mbali na barabara haina watu, chukua teksi.

Kwa nyota ninaipa 4 kati ya 5, na ile moja imebaki na wale wa tanga. Siku ya kutoka kumbuka unahitaji mihuri hata kama unaenda Durban tu, si nje ya nchi: klabu, forodha, uhamiaji, na ruhusa ya redio kutoka kwa bandari kabla hujafungua kamba. Anzeni mihuri mapema, barometa ikiwa bado inashuka, manake kusini-magharibi ikichoka dirisha la hali nzuri ni fupi na ofisi hazifunguliwi usiku.