Furushi la vitambaa 20: linafaa kwilti ya fumbo?

Kitendawili! Najua umeitikia hapo ulipo, hata kama uko peke yako na simu yako. Sasa sikiliza. Hii karatasi niliyoshika ni maelekezo ya kwilti, yaani blanketi la viraka vilivyounganishwa, ambayo sijui itafanana na nini. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Unaona picha yoyote? Hakuna. Kuna herufi na vipimo tu. Kitambaa A, mita 3.5. B, mita 1.25. C, mita 1. D, sentimita 75. E, nusu mita. Imeishia hapo, ukiacha maneno machache kuhusu B pale chini.

Hiyo ndiyo kwilti ya fumbo. Mbunifu anatoa maelekezo hatua kwa hatua. Unakata, unashona viraka vyako, unasubiri hatua inayofuata, na sura kamili unaiona siku ya kuunganisha vipande vya mwisho. Kwenye vitendawili vya kawaida ukishindwa unatoa mji, unapewa jibu, maisha yanaendelea. Hapa hakuna cha mji. Kitambaa unakata leo na jibu linakuja miezi kadhaa baadaye, wakati mkasi umeshapita.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni hili furushi, vipande 20 vya pamba, vimepangwa na kiwanda kwa rangi zinazopatana, vimefungwa utepe. Juu yake wameweka na kipande cha plastiki nyekundu, nitakieleza. Linauzwa kwa ahadi kwamba limekumalizia kazi ya kuchagua rangi. Nalifungua hapa hapa mbele yenu. Haya. Jamani, ni zuri. Sitaki kuwa mnafiki, ukiliona unataka kulikumbatia. Kuna waridi, kuna kijani cha majani makavu, samawati, zambarau, rangi ya chungwa, na bluu mbili tatu hivi.

Nianze na kitambaa. Nyuzi zimebana vizuri. Nikikiinua kwenye dirisha mwanga haupenyi ovyo, na nikivuta kona kwa mshazari hakilegei kikabaki kimelegea. Kila kipande ni inchi 18 kwa 22, yaani kama sentimita 46 kwa 56. Ni robo yadi, ila si ule mkanda mrefu mwembamba. Wamechukua nusu yadi wakaipasua katikati, ukapata kipande kipana. Nimepima vyote 20, na vyote vimetimia. Kwa ubora wa kitambaa, sina ugomvi na furushi hili.

Ila shika huo urefu wa inchi 22, maana tatizo la kwanza limelala hapo. Maelekezo mengi ya kwilti yanakwambia: kata mikanda ya inchi 2.5 kwa upana wote wa kitambaa. Upana wote maana yake ni kitambaa cha kwenye jora, kama inchi 42 hadi 44. Kwenye kipande cha furushi unapata mkanda nusu ya huo. Ukiambiwa mikanda 8, wewe unakata 16, na kila ncha unapoteza kidogo. Si mwisho wa dunia. Ila kama wewe ni mtu wa kukata hadi uzi wa mwisho, utajikuta umepungukiwa kiraka kimoja, na kipande kile hakina mwenzake dukani.

Sasa hesabu. Furushi zima ni yadi 5, kama mita 4.5 na kidogo. A, ambayo ndiyo kubwa, utainunua pembeni. Hata wauzaji wa furushi wameandika hivyo. Kwa B ninahitaji vipande 6, kwa C vipande 5, kwa D vinne, kwa E vitatu. Jumla 18, viwili vinabaki. Kwa kuhesabu tu, furushi linatosha! Lakini angalia kilichotokea: B yangu si kitambaa kimoja tena. Ni familia ya vitambaa sita tofauti, na wote sita wanatakiwa waonekane kama mtu mmoja ukiwatazama kutoka mlangoni. Hapo ndipo nilipotoa simu.

Fanya na mimi. Navitandaza vyote 20 sakafuni, napiga picha moja, kisha naondoa rangi, naiacha nyeusi na nyeupe. Tazama skrini. Zambarau iko wapi? Kijani kiko wapi? Chungwa je? Vimeyeyuka vyote vikawa kijivu kimoja. Nimehesabu: vilivyokolea kweli ni vinne, vyepesi kweli ni viwili, na 14 vimekaa katikati pale wanaangaliana. Na mimi kwa B peke yake nilitaka vilivyokolea sita.

Mtaniuliza, kwani shida iko wapi, si rangi zinatofautiana? Mwaka juzi na mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Nikachukua zambarau nikaiita B, nikachukua kijani nikakiita C. Nikivishika mkononi, vinapendeza, kila kimoja na sura yake. Nimeshona wiki tatu. Hatua ya mwisho inakuja, kumbe B na C wanakaa ubavu kwa ubavu, wao ndio wanatengeneza nyota, na kwilti yote ni hizo nyota. Ukisogea hatua nne nyuma, nyota hakuna. Kuna doa. Kuna madoa 20, yamepangwa kwa ustadi mkubwa, robo inchi ya mshono haijakosewa hata mahali pamoja. Mwenzenu nilikaa nikacheka mpaka nikanyamaza.

Jicho linachora umbo kwa kutumia weusi na weupe kwanza. Rangi inakuja nyuma yake. Na kwenye kwilti ya kawaida, yenye picha, unajua nani atakaa na nani, kwa hiyo unalinda ile mipaka inayochora umbo, kwingine unajiachia. Kwenye fumbo hujui nani ni jirani wa nani. Herufi tano zina jozi 10. A na B, A na C, A na D, A na E. B na C, B na D, B na E. C na D, C na E. D na E. Yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ndiyo inayobeba nyota. Kwa hiyo zote 10 lazima zisimame.

Kuna mzee mmoja wa Kifaransa napenda kumtaja hapa, Michel Eugène Chevreul. Alikuwa mkemia, na kuanzia mwaka 1824 alisimamia utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Watu wakaja kulalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akazichunguza, akakuta nyeusi haina tatizo lolote. Tatizo ni bluu na zambarau zilizofumwa karibu yake. Jirani ndiye aliyeifanya nyeusi ionekane dhaifu. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, namna rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inavyobadilika machoni. Kwa hiyo usiichague rangi ikiwa peke yake mkononi. Ilaze kando ya wenzake wote, mmoja mmoja.

Haya, plastiki nyekundu. Matumizi yake ni kuitazamia vitambaa: unaiweka jichoni, rangi zinapotea, unabaki na kilichokolea na chepesi. Naiweka mbele ya kamera. Kwa samawati na bluu hizi, inafanya kazi vizuri tu. Sasa naipeleka kwenye nyekundu hii... umeona? Imekuwa nyeupe! Nyekundu iliyokolea namna hii, ukiitazama kwa plastiki unaapa ni krimu. Na kijani hiki cha kati kimekuwa kama lami. Ni kawaida ya plastiki nyekundu: inapitisha mwanga mwekundu na kuzuia mwingine. Kwa hiyo kama furushi lako lina nyekundu, waridi au chungwa, na hili limejaa hizo, plastiki itakudanganya mchana kweupe. Tumia simu. Au kodoa jicho nusu, kope zikaribie kugusana. Haigharimu kitu, na bado ni njia nzuri kuliko hiki kiplastiki.

Michoro sasa. Kwenye hivi 20, saba vina maua makubwa. Nimechukua karatasi ngumu, nimekata kidirisha cha inchi 2.5 kwa 2.5, kwa sababu kiraka chako kikishakatwa kitakuwa cha ukubwa huo au chini yake. Nakitembeza juu ya ua hili. Hapa naona waridi tupu. Nasogea kidogo, kijani tupu. Nasogea tena, nyeupe na kijani. Kitambaa kimoja, viraka vitatu visivyojuana! Ukikiita hiki C, baadhi ya C zako zitakolea na nyingine zitapauka. Vitambaa vitatu vingine ni vya mistari, na mistari inataka ujue itaelekea wapi. Kwenye fumbo hujui. Nusu itasimama, nusu italala. Madoa madogo, michirizi isiyo na mwelekeo, batiki iliyotulia, rangi moja tupu, hivyo ndivyo vinavyofaa.

Kuchuja rangi nitapita haraka. Vipande vidogo kama hivi sivifui kabla ya kushona, vinatoka nyuzi pembeni na vinanywea, unabaki na kitu cha inchi 17 na kitu. Lakini nyekundu na bluu nzito nazijaribu kwa kuloweka kona na kuibana na kitambaa cheupe kwa pasi. Nyekundu hii, ona, imeacha alama. Imeshatoka kwenye hesabu, siilazi kando ya krimu.

Basi nimefanyaje? Nimesoma vipimo kama mpelelezi. A yenye mita 3.5 karibu hakika ni usuli, ndiyo itakayozunguka kila kitu, nikaipa krimu ya rangi moja. Pale chini ya karatasi ya maelekezo wameandika kwamba B ina utepe wa kumalizia ukingo, kwa hiyo B itakuwa fremu. Nimeipa bluu nzito inayokaribia nyeusi, nimeinunua kwa mita kutoka kwenye jora. C ni kijani kilichokolea, nayo ya kwenye jora. D ni samawati nyepesi, vipande vinne kutoka kwenye furushi. E ndiyo kidogo kuliko zote, nusu mita, na herufi ya nusu mita mara nyingi ndiyo kipini cha pua: ndogo lakini ndiyo utakayoiona kwanza. Nilianza na manjano. Nikapiga picha, nikaondoa rangi, manjano ikazama kwenye krimu kama haijawahi kuwepo. Jozi ya A na E imeanguka. Nikatoa manjano, nikaweka chungwa tatu za kwenye furushi.

Picha ya mwisho hii hapa. Kutoka juu kwenda chini: krimu, samawati, chungwa, kijani, bluu nzito. Ngazi ya vidato vitano. Kidato kilichokaribiana zaidi ni chungwa na kijani, nakubali. Lakini hapo moja ina joto na nyingine ina ubaridi, na chungwa ina madoa wakati kijani ni tupu, kwa hiyo naipitisha. Jozi nyingine tisa hazina mjadala.

Kwa hiyo kwenye furushi la vipande 20 nimetumia saba. Kama una mchoro wenye picha, na unapenda viraka vya rangi nyingi zilizochanganyika, linunue, kitambaa kinastahili. Kwa fumbo, hapana. Waliolipanga walitaka rangi zipatane, na zimepatana kweli, zimepatana hadi zimekuwa kitu kimoja. Kama tayari unalo nyumbani, usilie: lipige picha, ondoa rangi, chukua herufi mbili ndogo humo, na hizo nyingine nunua kwa mita. Ongeza robo mita juu ya kila kipimo, kwa sababu siku moja utakata kinyume, kila mtu hukata kinyume.

Kitu kimoja kabla sijawasha cherehani. Nimekata vipisi vidogo vya kila kitambaa nikavibandika kwenye hii kadi, kila kimoja kando ya herufi yake. Wiki ya tano hutakumbuka kama kijani kilikuwa C au D, na maelekezo hayatataja kijani hata siku moja.

Hatua ya kwanza imetoka leo asubuhi. Inasema: kata miraba 40 ya C na miraba 40 ya E, ilaze uso kwa uso, chora mstari wa mshazari, shona pande zote mbili za mstari, pasua katikati. C na E. Kijani na chungwa. Ile jozi moja niliyoipitisha kwa shingo upande, ndiyo wameanza nayo. Nashona miwili ya majaribio hapa hapa, naipiga pasi, halafu naisimamisha ukutani kule mbali. Ngoja nigeuze kamera.